Mchuzi wa Kondoo, Mkate wa Soda na Colcannon: Mwongozo Kamili wa Kupika Chakula cha Nyumbani cha Ayalandi

Malalamiko yanayonifikia kuhusu vyakula hivi ni yale yale. Mchuzi umetoka maji matupu, mafuta yameelea juu. Mkate umetoka mgumu hata kisu kinakataa. Colcannon, yaani viazi vya kuponda vilivyochanganywa na mboga za majani, inavutika kama gundi. Anayelalamika mara nyingi ni mpishi mzuri, anayejua pilau na biriani vizuri kabisa, ndiyo maana anaudhika zaidi.

Karibu kila mara chanzo ni kimoja. Mpishi aliyezoea kukaanga, kutia viungo na kukanda ameyafanya yote matatu mahali yasipotakiwa. Jiko la Ayalandi linataka mkono uliojizuia: hukaangi nyama, hukandi unga, huongezi bizari. Ukilikubali hilo mapema, kazi iliyobaki ni ya moto mdogo na subira.

Wasomaji Waislamu huniuliza kama wanaweza kula. Ndiyo: hakuna pombe wala nguruwe katika vyakula hivi vitatu. Ule mchuzi wa ng'ombe uliopikwa kwa bia nyeusi ni chakula kingine, na hatuuhitaji hapa.

## Vitu vya kuandaa kabla ya kuwasha jiko

Mchuzi wa kondoo, watu 5 hadi 6

- Nyama ya kondoo yenye mifupa, kilo 1.2: shingo, bega au mbavu
- Viazi mviringo, kilo 1.2
- Vitunguu maji vikubwa 3
- Karoti 3
- Maji, kama lita 1
- Thaimu, vijiti 3 vibichi, au nusu kijiko cha chai cha thaimu iliyokaushwa
- Chumvi na pilipili manga
- Pasili, fungu dogo

Mkate wa soda, mmoja

- Unga wa ngano mweupe, gramu 450
- Bekingi soda, kijiko 1 cha chai kilichosawazishwa
- Chumvi, kijiko 1 cha chai kilichosawazishwa
- Mtindi mwepesi usiotiwa sukari, mililita 350 hadi 400

Colcannon, watu 4

- Viazi vya unga, kilo 1
- Sukuma wiki au kabichi, gramu 250
- Vitunguu vya majani, mashina 5
- Maziwa, mililita 150 hadi 200
- Siagi halisi, gramu 100

Vyombo: sufuria nzito yenye mfuniko unaokaa sawasawa, bakuli pana, mwiko, na mizani ikiwezekana. Kwenye mkate mizani ina faida kubwa, kwa sababu kikombe cha mtu mmoja si kikombe cha mwingine.

Usipike vyote vitatu siku moja. Mchuzi na mkate huenda pamoja. Colcannon ina viazi vyake, iache iandamane na kuku, samaki au mayai siku nyingine.

## Neno kuhusu viazi

Hapa ndipo mchuzi unapoanza kuharibika, hata kabla ya moto. Kuna viazi vya unga, vinavyopasuka na kuyeyuka, na viazi vigumu, vinavyobaki vizima. Ayalandi wanapenda vya unga, kama Kerr's Pink, Rooster na Golden Wonder. Mchuzi huu unazitaka tabia zote mbili: baadhi viyeyuke ili viuzitishe, vingine vibaki vizima uvione kwenye sahani.

Kenya utapata zaidi Shangi, ambavyo huiva haraka na kupasuka upesi. Ukiwa na aina moja tu ya viazi usihangaike kutafuta ya pili. Nusu vikate vyembamba uvitie mapema, na nusu viache vizima au vipande viwili vikubwa uvitie mwishoni.

Viazi vilivyoota au vilivyogeuka kijani kwa kupigwa na jua, viache sokoni.

## Sehemu ya kwanza: mchuzi wa kondoo

### Hatua ya 1: Chagua nyama na uipunguze mafuta

Omba shingo au bega, ikatwe vipande vya ukubwa wa nusu kiganja, mifupa ikiwemo. Mifupa na mishipa ndiyo inayoupa mchuzi uzito: ikipikwa polepole, huacha utelezi ndani ya supu. Steki laini isiyo na mfupa itakupa nyama kavu na supu nyepesi.

Kondoo wetu wengi wana mkia mnene, na mwenye bucha hupenda kukutilia kipande chake kwenye mizani. Kikatae. Mafuta ya kondoo huganda haraka yakipoa na kung'ang'ania kaakaa. Ondoa pia mafuta mazito ya juu, ukiacha kidogo tu kwa ladha.

Mbuzi anafaa ukikosa kondoo. Mwongezee karibu saa nzima ya kupika.

### Hatua ya 2: Anza na maji baridi

Weka nyama kwenye sufuria, mimina maji baridi yaifikie bila kuizamisha sana. Washa moto wa wastani, uache yapate moto polepole.

Usikaange nyama. Usikaange vitunguu. Najua mkono unawasha. Mchuzi huu ni mweupe kwa asili. Ukikaanga unapata rangi ya kahawia na ladha nyingine kabisa, ambayo inaweza kuwa tamu lakini siyo uliyoitafuta. Maji baridi yana sababu nyingine: povu la nyama hupanda taratibu na kukaa juu, ukaweza kuliengua kwa kijiko. Ukianza na maji yanayochemka povu huvurugika ndani ya supu.

Engua povu kwa dakika 10 hivi. Likibadilika kutoka kijivu kuwa jeupe na jepesi, umemaliza.

### Hatua ya 3: Tia vitunguu, viazi vyembamba na viungo vichache

Kata vitunguu vipande vinene. Chukua nusu ya viazi, menya, kata vipande vyembamba vya nusu sentimita, utie pamoja na vitunguu, thaimu, kijiko kimoja cha chai cha chumvi na nusu kijiko cha pilipili manga.

Viazi hivi usitegemee kuviona tena. Kazi yake ni kuyeyuka.

Unga wa viungo wa pakiti, tangawizi, thomu, bizari, nyanya: vyote vibaki kabatini. Kama nyumbani kuna mtu asiyeweza kula bila pilipili, mwekee pembeni ya sahani yake. Na pasili isibadilishwe na giligilani, maana harufu ya giligilani itameza kila kitu. Ukikosa pasili, tumia majani ya kitunguu cha majani.

### Hatua ya 4: Punguza moto, funika, ondoka

Moto uwe mdogo kiasi kwamba unaona kiputo kimoja hapa, kingine kule. Mchuzi usitokote.

Kosa linalonifikia mara nyingi zaidi liko kwenye hatua hii. Moto mkali unafanya mambo mawili mabaya kwa pamoja: nyama inakaza, na mafuta yanapigwapigwa hadi yanachanganyika na supu, ambayo inakuwa ya ukungu na nzito mdomoni. Ukitumia jiko la mkaa, ondoa makaa baada ya hatua ya 2, ubaki na machache. Jiko la gesi lisiloshuka vya kutosha, weka bati au chuma cha chapati chini ya sufuria.

Kondoo mchanga anahitaji saa moja na robo. Aliyekomaa, karibu saa mbili. Wanaoishi Nairobi na miinuko mingine waongeze muda: Nairobi maji huchemka kwenye nyuzi kama 94 tu, si 100 kama Mombasa au Dublin, na nyama hulainika polepole zaidi.

Presha kuka inaweza kusaidia hapa, dakika 25 hadi 30 kwa nyama ya kondoo. Ukishaifungua usiifunge tena. Viazi vya juu vipikwe kwa mfuniko wa kawaida.

### Hatua ya 5: Weka karoti na viazi vya juu

Choma nyama kwa uma. Ikiwa inaingia lakini mfupa bado unaishikilia, ndio wakati. Tia karoti zilizokatwa vipande vinene, kisha panga viazi vilivyobaki juu ya nyama, nusu vikiwa ndani ya mchuzi na nusu nje. Vinyunyizie chumvi kidogo. Funika, dakika 40.

Viazi vya juu huiva kwa mvuke, ndiyo maana havivunjiki. Kwa hiyo usikoroge kuanzia sasa. Ukitaka kujua kama chini panashika, tikisa sufuria kwa masikio yake.

Ayalandi penyewe watu hubishana kuhusu karoti. Wapo wanaoapa kwamba kondoo, viazi na vitunguu vinatosha. Mimi natia, kwa sababu utamu wake unapunguza ukali wa harufu ya kondoo. Asiyetaka asitie.

### Hatua ya 6: Tulia dakika 15, kisha maliza

Zima moto. Mafuta yatapanda juu. Yaondoe kwa kijiko. Onja chumvi sasa, maana mchuzi umepungua na ladha imejikusanya. Nyunyiza pasili. Pasha sahani kwa maji moto kabla ya kupakua, hasa kama mafuta yalikuwa mengi.

Utajuaje umefaulu? Chovya kijiko ukigeuze: mchuzi unabaki umekipaka mgongo wake bila kuwa uji. Nyama inaachana na mfupa ukiisukuma kwa kijiko. Viazi vya juu ni vizima lakini ngozi yake imeanza kupasuka. Rangi ni ya maziwa iliyofifia, na rangi ya machungwa ni ya karoti tu.

Umetoka maji? Toa viazi viwili, viponde, virudishe, chemsha dakika 5 bila mfuniko. Usitie wanga wa mahindi. Unaleta mng'ao ambao hauhusiani na chakula hiki.

Mchuzi huu ni mtamu zaidi kesho yake. Upoze ndani ya saa mbili, uweke kwenye friji, ondoa mafuta yaliyoganda juu, kisha uchemshe kabisa kabla ya kula. Siku tatu zinatosha.

## Sehemu ya pili: mkate wa soda

Mkate huu hauna hamira, hausubiri kuumuka, na kutoka bakuli hadi ovenini haupaswi kuzidi dakika 5. Wasiozoea kuoka ndio wanaoupatia mara ya kwanza. Wanaokanda maandazi kila asubuhi ndio wanaoteseka.

### Hatua ya 1: Hakikisha unga na soda

Unga wa Ayalandi ni laini, una nguvu ndogo ya kuvutika. Unga wetu wa chapati ni kinyume chake. Tafuta unga wa keki au wa matumizi yote. Ukiwa na wa chapati tu, toa gramu 50 uweke wanga wa mahindi mahali pake.

Usitumie unga ambao tayari umetiwa kiumulio kiwandani. Una bekingi pauda ndani, nawe unaongeza soda juu yake.

Bekingi soda si bekingi pauda. Na tafadhali, si magadi. Magadi yanayolainisha maharage ni makali zaidi, na mkate utatoka wa njano wenye ladha ya sabuni.

Pima soda kama bado hai: dondosha ndimu juu ya robo kijiko. Isipotoa povu papo hapo, nunua nyingine.

### Hatua ya 2: Tayarisha mtindi

Soda peke yake haitoshi. Inahitaji ukali wa maziwa. Vinapokutana hutoa hewa, na hewa hiyo ndiyo inayoinua mkate.

Ayalandi wanatumia maziwa mepesi yaliyochacha, yanayouzwa kila duka kubwa. Msomaji wa Muscat au Dubai hana shida, laban inafaa bila kubadilisha chochote. Mala ya Kenya na mtindi mzito wa Tanzania huhitaji kulegezwa: mililita 300 za mala kwa 80 za maziwa au maji, upige hadi umiminike. Usitumie wenye sukari au ladha ya matunda.

Ukikosa kabisa, chukua maziwa mililita 370, tia vijiko viwili vya chakula vya ndimu au siki, subiri dakika 10 yakatike.

### Hatua ya 3: Oveni iwe tayari kwanza

Washa nyuzi 230 kabla hujagusa unga. Hewa huanza kutoka mara mtindi unapoigusa soda. Ukichanganya kisha ndiyo uanze kusubiri oveni, nguvu yote inapotea bakulini.

### Hatua ya 4: Changanya kwa mkono mmoja

Ponda mabonge ya soda kwenye kiganja, kisha chekecha pamoja na unga na chumvi. Bonge lililobaki litaacha doa la njano lenye uchungu. Fanya shimo katikati, mimina mtindi wote isipokuwa kidogo.

Tanua vidole vya mkono mmoja, vikaze, uzungushe kutoka katikati kwenda nje. Mizunguko michache tu. Ukiona unga mkavu chini, ongeza mtindi uliobaki. Unga ukishikana, acha.

Unaoutaka ni unga mlaini, wenye mikunjo, unaonata kidogo, usiopendeza macho. Ukiulainisha hadi ung'ae umekwisha kuuharibu, maana kukanda kunajenga mvuto unaofanya mkate uwe mgumu. Kwenye chapati mvuto huo ni rafiki.

### Hatua ya 5: Umbo na msalaba

Nyunyiza unga mezani, geuza donge juu yake, lipapase liwe duara la unene wa sentimita 4. Liweke kwenye trei iliyonyunyiziwa unga. Kata msalaba wa kina juu yake, hadi theluthi mbili ya kwenda chini.

Wazee wa kule husema msalaba unawatoa majini waliomo ndani ya mkate. Kazi yake jikoni ni kuruhusu joto lifike katikati, sehemu ambayo kwa kawaida hubaki mbichi. Mkato wa juu juu hauna faida.

### Hatua ya 6: Oka

Dakika 15 kwa nyuzi 230, kisha shusha hadi 200 kwa dakika 25 hadi 30. Usifungue oveni katika robo saa ya kwanza.

Utajuaje umefaulu? Geuza mkate, gonga kitako kwa kidole: unatoa sauti ya uwazi. Msalaba umefunguka, na mtaro wake ni mkavu. Sauti ikiwa nzito, urudishe ovenini dakika 5 ukiwa umepinduliwa.

Ukitaka ganda laini, ufunge kwa kitambaa safi ukiwa wa moto. Subiri nusu saa kabla ya kukata, la sivyo ndani utaonekana mbichi hata kama umeiva. Uliwe siku hiyo hiyo. Kesho yake uchome vipande, paka siagi.

### Huna oveni?

Zamani nyumba nyingi za mashambani Ayalandi hazikuwa na oveni. Mkate ulipikwa ndani ya sufuria ya chuma, makaa ya mboji (udongo wa kinamasi uliokaushwa ili uchomwe kama kuni) yakiwekwa juu ya mfuniko. Mpishi wa pwani anayepalia moto juu na chini kwa mkate wa kumimina anaijua kazi hii tayari.

Pasha sufuria nzito tupu dakika 10, nyunyiza unga chini, weka mkate, funika kwa mfuniko wa chuma. Makaa machache chini, mengi juu. Chungulia baada ya dakika 30. Kitako kikiungua kabla ya juu kubadilika rangi, tatizo ni makaa ya chini. Yapunguze, usiongeze ya juu.

Njia rahisi zaidi ni ya kaskazini mwa kisiwa, Ulster. Papasa unga uwe duara la unene wa sentimita 2, kata robo nne, pika kwenye chuma cha chapati kikavu kilichonyunyiziwa unga, moto mdogo, dakika 8 hadi 10 kila upande. Kisha simamisha vipande kwa mbavu dakika moja moja ili kingo ziive. Kwa anayeanza, ningeanza na hii.

## Sehemu ya tatu: colcannon

Aliyekulia kwa mukimo wa Kenya, ambao nao ni viazi vilivyopondwa na mboga, ataizoea haraka. Tofauti ni wingi wa siagi na maziwa, na kwamba mboga hubaki vipande vinavyoonekana.

1. Chemsha viazi na maganda yake, kuanzia maji baridi yenye chumvi. Ganda linazuia maji kuingia, na kuanza na baridi kunafanya ndani na nje viive pamoja.

2. Menya vikiwa vya moto huku umevishika kwa kitambaa, kisha virudishe kwenye sufuria tupu juu ya moto mdogo dakika 2. Mvuke ukipungua, vimekauka. Viazi vyenye maji havinyonyi siagi.

3. Chemsha sukuma wiki uliokatwa mwembamba bila vikonyo, dakika 5, zaidi kidogo ukiwa umekomaa. Chuja na ukamue kwa nguvu. Ukiacha maji, colcannon yote itakuwa ya kijani na ya kumwagika.

4. Pasha maziwa pamoja na vitunguu vya majani hadi yakaribie kuchemka. Maziwa baridi hupoza viazi.

5. Ponda kwa mwiko au kiponda viazi, ukiongeza maziwa kidogo kidogo. Blenda hapana: visu vyake vinapasua wanga, na hapo ndipo ile gundi inapozaliwa. Ikishatokea hakuna dawa. Igeuze kuwa supu.

6. Changanya mboga na nusu ya siagi, onja chumvi, tia pilipili manga. Pakua, chimba shimo katikati ya kila sahani, weka siagi iliyobaki iyeyuke humo. Kila kijiko kinachovywa kwenye shimo kikitokea pembeni. Majarini haitafanya kazi hii. Inayeyuka, lakini ladha haipo.

Imefaulu ikiwa inasimama kwenye mwiko, ni nyepesi mdomoni, na unaweza kutofautisha jani na kiazi. Itakayobaki itengeneze maduara bapa, kaanga kwa siagi bila kugusagusa hadi upande wa chini uwe wa kahawia, geuza mara moja, weka yai juu.